Fani ya Shairi na Msomaji Asiyeona: Uhakiki wa Matini za Kidijitali

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umezoea kuigawa kazi yake mafungu mawili, fani na maudhui, hata mgawanyo huo umekuwa kama ada isiyohojiwa. Mwanafunzi huulizwa shairi lasema nini, kisha huulizwa lasema kwa njia gani. Akiisha kutaja idadi ya beti, mishororo, mizani na vina, huhesabiwa kuwa ameimaliza fani. Lisiloulizwa ni mahali ambapo fani hiyo inakaa. Kwa mtu aonaye jibu huonekana kuwa rahisi: fani iko pale kwenye ukurasa, katika mishororo iliyopangwa minne minne na katika nafasi nyeupe inayotenga ubeti mmoja na wa pili. Lakini diwani na tendi zinazidi kugeuzwa kuwa hati za kidijitali, na miongoni mwa wanaozisoma wamo watu wasioona, ambao ukurasa kwao haupo. Wao hukutana na kile kilichohifadhiwa ndani ya hati yenyewe, na mara nyingi kilichohifadhiwa ndani si kile kinachoonekana nje. Makala haya yanachunguza tofauti hiyo, na yanashikilia kwamba kazi ya kuifanya hati ya ushairi isomeke na wasioona ni tawi la uhakiki wa matini, wala haifai kuachiwa fundi wa kompyuta peke yake.

Yafaa kwanza kueleza jinsi msomaji huyo anavyosoma, kwa kuwa wengi hudhani kwamba anasomewa. Kompyuta au simu yake ina programu ya kusomea skrini, mathalan JAWS, iliyoanza mwaka 1989, au NVDA, inayotolewa bure tangu mwaka 2006. Programu hiyo huyachukua maandishi yaliyomo katika hati na kuyatamka kwa sauti ya mashine, au huyapeleka kwenye kibao cha Breli ambacho vijipini vyake huinuka na kushuka chini ya vidole. Msomaji mwenyewe ndiye anayeiongoza. Aweza kusoma mfululizo, au mstari kwa mstari, au neno kwa neno. Na pale anapotilia shaka huagiza neno litajwe herufi kwa herufi. Hurudi nyuma apendapo, hulinganisha ubeti wa tatu na wa tisa, huhesabu mizani kwa kidole. Huko ndiko kusoma. Mtu anayesomewa na mwenzake hupokea shairi pamoja na fasiri ya mwenzake: mahali alipovuta pumzi, neno alilolikazia, kosa alilolitenda pasipo kujua. Mhakiki hawezi kusimamisha hoja juu ya msingi wa namna hiyo.

Hati nyingi zinazosambazwa ni za aina ya PDF. Aina hii, iliyobuniwa na kampuni ya Adobe na kutolewa mwaka 1993, ilikusudiwa tangu mwanzo kuhifadhi sura ya ukurasa, ili karatasi itakayochapwa Mombasa ifanane na ile itakayochapwa Kisumu. Mpango wa kutia ndani yake alama zinazoonyesha kichwa cha habari ni kipi, aya ni ipi, na kipi kisomwe kabla ya kipi, uliingizwa baadaye, mwaka 2001. Na kiwango cha kimataifa cha hati za PDF zinazofaa watu wote kikatolewa mwaka 2012. Sura basi ilitangulia na utaratibu wa usomaji ukafuata, na hati zilizo na sura peke yake bado ni nyingi. Diwani ya zamani ikiwekwa chini ya skana na kuhifadhiwa ukurasa kwa ukurasa, kinachopatikana ni picha. Jicho huisoma picha hiyo bila taabu, ilhali programu ya kusomea skrini haipati hata herufi moja. Humwarifu msomaji kwamba ukurasa ni mtupu, au kwamba pana picha, basi. Maktaba iliyokusanya mamia ya picha za vitabu haijampa msomaji asiyeona hata kitabu kimoja.

Kasoro hiyo iko wazi, na kasoro iliyo wazi hugunduliwa. Iliyo mbaya zaidi huanza pale picha zinapopitishwa kwenye programu ya kutambua herufi, hati ikapata maandishi, sauti ya mashine ikasikika ikisoma, na mhariri akaridhika kwamba kazi imekwisha. Kwa riwaya huenda asiwe mbali na ukweli. Kwa ushairi yu mbali sana, na sababu yake haiko katika mashine bali imo katika umbo la shairi lenyewe. Natuangalie ubeti huu, ambao hauna sifa kubwa na umetungwa kwa ajili ya mfano tu:

Msafiri yuko pale, amekaa ufukweni,
Awatazama na wale, waendao visiwani,
Mwendo wake pole pole, na subira i moyoni,
Asubiri jua lile, litue magharibini.

Kila mshororo una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao; kina cha kati ni "le" na kina cha mwisho ni "ni". Wako wachapaji wanaoacha nafasi pana kati ya ukwapi na utao ili vina vya kati visimame wima, na kwa hakika ukurasa hupendeza. Lakini programu ya kutambua herufi hukutana na nafasi kama hiyo kila siku katika magazeti, na huko maana yake ni kwamba hapa safu moja imekoma na nyingine inaanza. Basi itasoma ukwapi wote kutoka juu hadi chini, na ikiisha itarudi juu kuusoma utao. Msomaji asiyeona atasikia: msafiri yuko pale, awatazama na wale, mwendo wake pole pole, asubiri jua lile. Na sikio lake halitashtuka. Vipande vinne, mizani nane nane, kina kimoja: yote haya ni halali kabisa katika ushairi wa Kiswahili. Baadaye watamjia amekaa ufukweni na waendao visiwani, navyo vina kina chao kinacholingana. Maana italegea kidogo, lakini nani asiyejua kwamba washairi huruhusiwa kulegeza maana? Msomaji atahitimisha kwamba amekutana na tungo ya vipande vifupi yenye mtindo wa utenzi, na akiwa mwanafunzi ataandika hivyo katika insha yake, naye atakosolewa kwa kutojua tofauti ya utenzi na shairi.

Jambo hili lastahili kutiliwa maanani kuliko lilivyotiliwa. Nathari ikivurugwa safu zake hugeuka upuuzi mara moja, na msomaji hujua kwamba hati ina kasoro. Shairi la arudhi, kinyume chake, hubaki na sura ya shairi hata baada ya kuvunjwa, kwa sababu kila nusu ya mshororo imejengwa kwa kipimo kilekile. Ufundi wa mtunzi ndio unaoificha kasoro ya hati. Tendi haziponi kwa namna hiyo: beti zake zikipangwa katika safu mbili ubavu kwa ubavu na programu ikasoma kwa kukata ukurasa mzima, kipande cha ubeti wa kwanza kitafuatwa na kipande cha ubeti wa nane, vina vitagongana, na msomaji atashuku kabla ya kufika mwisho wa ukurasa. Kwa hiyo mhariri anayekagua hati za shairi hana budi kuwa na shaka zaidi pale mambo yanaposikika vizuri.

Hapa mkato ule wa katikati ya mshororo, ambao baadhi ya wasomaji wa sarufi huuona kuwa ziada isiyo na kazi, unapata utetezi usiotarajiwa. Wahariri wa mashairi ya herufi za Kirumi wamezoea kuutia hata pale sentensi isipoudai. Sauti ya mashine haijui kitu juu ya nafasi nyeupe. Huipita kana kwamba haikuwapo. Mkato inaujua, nayo hutua. Kituo cha kati, kilichowekwa na waimbaji kabla ya wachapaji, hurudishiwa sauti yake kwa alama moja ndogo ambayo mtu akihariri kwa bidii ya sarufi angeifuta.

Suala la lugha nalo lina uzito wake. Ndani ya hati ya kidijitali pana mahali pa kutaja kwamba maandishi haya ni ya Kiswahili, ili programu ichague kanuni za matamshi zinazofaa. Sauti ya Kiswahili ipo tayari. Imo katika eSpeak NG, ambayo huja pamoja na NVDA. Sauti hiyo ni kavu, haina madoido ya mghani, lakini yatamka irabu zote, na hilo ndilo linalotakiwa na mizani. Mahali hapo pakiachwa patupu au pakiandikwa Kiingereza, kama inavyotokea kila mara kwa kuwa kompyuta nyingi huuzwa zikiwa zimepangiwa lugha hiyo, shairi hutamkwa kwa kanuni za Kiingereza. Maneno pale, wale, wake na pole yamo katika maandishi ya Kiingereza pia, kwa herufi zilezile, na huko kila moja lina silabi moja. Ukwapi wa mshororo wa tatu katika ubeti uliotajwa, mwendo wake pole pole, una mizani nane. Kwa sauti hiyo ya kigeni hubaki mizani mitano. Kina cha kati nacho hupotea: pale na wale huendelea kulingana kwa mlio usio wao, ilhali pole hutengwa kando kama mgeni asiyejulikana alikotoka. Msomaji aliyeizoea mashine yake huweza kuyakisia maneno. Kuyakisia maneno kwatosha kwa kupata habari. Kwa kuhesabu mizani hakufai kitu.

Yote haya yangeweza kuonekana kama udadisi wa wachache lau shule na vyuo visingewataka wanafunzi wote wahakiki fani. Lakini wanataka. Katika mtihani wa KCSE karatasi ya tatu ya Kiswahili hutahini fasihi, ushairi ukiwamo, na swali la kueleza umbo la shairi au la ubeti fulani ni la kawaida. Mtahiniwa asiyeona hupewa karatasi ya Breli, na mradi imeandikwa kwa uangalifu hukutana na shairi lenye mishororo yake. Taabu yake iko kabla ya siku hiyo, katika miaka ya kujiandaa, na baadaye chuoni, ambako vitabu vya Breli ni vichache, vizito na vya gharama, na anachopewa na mhadhiri ni faili iliyotumwa kwa simu. Akiwa amejifunza umbo la shairi kutoka katika hati zilizovurugika, anakwenda mtihanini akiwa amefundishwa makosa. Wala haitoshi kusema kwamba na apewe swali la maudhui badala ya la fani. Huko ni kumpunguzia somo kwa sababu ya kasoro ya hati, kisha kumwandikia kwamba amefuzu somo zima.

Kuna wanaoshauri kwamba dawa ni kanda: mashairi yarekodiwe na waghani hodari, kisha wasioona wasikilize. Shauri hili lina haiba yake, hasa kwa kuwa ushairi wa pwani ulitungwa uimbwe, jambo ambalo Ibrahim Noor Shariff alilisisitiza katika Tungo Zetu (1988). Rekodi zihifadhiwe na ziongezwe. Lakini rekodi ni utendaji mmoja wa shairi, na mghani mwenye ujuzi hurefusha irabu hapa, humeza silabi pale, ili maneno yakae katika mahadhi. Mwanafunzi anayetaka kujua kama mshororo una mizani 16 au 15 hatapata jibu kwa sauti iliyokwisha kuutengeneza mshororo huo. Hawezi pia kuuliza neno limeandikwaje. Rekodi na matini ni vitu viwili, na aonaye ana haki ya vyote viwili bila kuulizwa achague.

Tena si kweli kwamba ushairi wa Kiswahili umewahi kuishi katika ukurasa peke yake, wala katika sauti peke yake. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, waanza kwa mama mgonjwa anayemwita binti yake asogee, achukue wino na karatasi, aandike. Ugonjwa, asema, umemshika hata umetimia mwaka. Wahakiki wamejadili sana wasia wenyewe, kuhusu mume na unyumba, na kidogo sana hali hii ya kuandikwa kwake: mwenye maneno hashiki kalamu, na mwenye kalamu si mwenye maneno. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa hadi karibu mwaka 1840, zilidumu katika vinywa vya watu wa mji kabla hazijakusanywa na Mwalimu Sikujua na kufika mikononi mwa W. E. Taylor; William Hichens akazichapisha Johannesburg mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akazichunguza upya katika kitabu chake cha mwaka 1979. Kila hatua ya safari hiyo ilikuwa uhamisho kutoka chombo kimoja hadi kingine, na kila mhamishaji aliamua nini kibebwe. Kugeuza diwani kuwa hati ya kidijitali ni hatua ya namna hiyohiyo. Ajabu ni kwamba hatua zile za awali zilifanywa na watu waliojua ushairi, na hii ya sasa mara nyingi hufanywa na yeyote aliye karibu na skana.

Miswada ya herufi za Kiarabu yalidhihirisha hilo kwa ukali zaidi. Mingi imehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS, na mingine Dar es Salaam, na sehemu ya hiyo ya London imewekwa mtandaoni kwa picha. Kwa watafiti waonao hii ni neema kubwa. Kwa asiyeona, picha ya mswada ni ukuta, na hapa hata programu ya kutambua herufi haimfai, kwa sababu hati hizo zenyewe hazikuandika kila kitu. Katika mwandiko wa zamani i na e zilishiriki alama moja, na kadhalika u na o. P mara nyingi ilishiriki herufi na b. Msomaji wa siku zile aliufahamu utenzi kabla ya kuutazama, na karatasi ilimkumbusha tu. Atakayeunukuu mswada kwa herufi za Kirumi hana budi kuchagua irabu moja na kuacha nyingine, yaani hana budi kuhakiki. Nukuu hiyo, ikiandikwa ubeti kwa ubeti na kuambatishwa kwenye picha, ndiyo mlango wa pekee wa msomaji asiyeona. Ni kazi ya miaka, nayo haina njia ya mkato.

Mambo haya yanagusa pia ule ugomvi mkubwa wa miaka ya 1970 na 1980 kati ya wanamapokeo na wanamageuzi. Amri Abedi alikuwa amekwisha kuziandika sheria za utunzi mwaka 1954. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kikatoka mwaka 1974 bila kuzijali, na wino mwingi ukamwagika juu ya swali la kama vina na mizani ni uti wa mgongo wa ushairi wa Kiswahili au ni vazi tu. Pande zote mbili zilibishana juu ya utamaduni, uhuru na ukale. Msomaji wa kidijitali asiyeona huleta ushahidi wa namna nyingine. Shairi la arudhi likipotezewa mistari yake yote, likaandikwa mfululizo kama barua, bado laweza kurudishwa: sikio huhesabu nane, hukuta kina, huhesabu nane tena, na mshororo hujijenga upya. Shairi huru likipatwa na hayo halirudi. Mstari wake hukatika mahali ambapo mtunzi aliamua ukatike, si mahali panapodaiwa na kipimo, na uamuzi huo ukifutwa hakuna dalili iliyobaki ndani ya maneno. Kinachosomwa ni nathari fupi yenye hisia.

Ushahidi huu hauwapi wanamapokeo ushindi. Haujathibitisha kwamba shairi huru si shairi. Umeonyesha tu kwamba sehemu ya fani yake imewekwa amana kwa mpangilio wa ukurasa, na kwamba mwenye kuhariri hati yake ana dhima kubwa zaidi ya kulinda kila kikomo cha mstari. Hati ambayo kila mstari umefungwa kwa alama ya ndani, badala ya kusukumwa kwa nafasi tupu, humwezesha msomaji kusimama mwishoni mwa kila mstari na kujua kwamba hapo ndipo mtunzi aliposimama. Aidha inawasaidia wanaokuza herufi kwa sababu ya uoni hafifu: herufi zikikuzwa mara nne, mistari isiyofungwa hujivunja ovyo, na shairi lao nalo huharibika.

Mgumu kuliko yote ni ushairi unaotumia umbo la ukurasa kama maana, kama ilivyo katika baadhi ya tungo za Kithaka wa Mberia, ambaye diwani yake ya Mchezo wa Karata ilitoka mwaka 1997. Mstari ukishuka neno baada ya neno kutoka kushoto juu hadi kulia chini, hakuna alama ya ndani itakayoueleza kwa sauti. Pahitajika maelezo ya maneno, mafupi, yaliyoambatishwa kwenye shairi. Nani ayaandike? Akiandika kwamba maneno yamepangwa kama ngazi, msomaji atafikiri juu ya kupanda na kushuka kwa hiari. Akiandika kwamba yanaporomoka, atafikiri juu ya maangamizi. Kila elezo ni fasiri. Fundi hawezi kubebeshwa mzigo huu, na mchapishaji anayemwachia anaruhusu uhakiki ufanywe na mtu ambaye hakuulizwa kama amelisoma shairi. Elezo lililo bora husema kwanza kinachoonekana, kwa maneno baridi iwezekanavyo: mistari mingapi, neno gani liko wapi, nini kiko juu na nini chini. Fasiri imngoje msomaji.

Viziwi wana haja iliyo kinyume, na inaweza kuelezwa kwa ufupi kwa kuwa dawa yake ni ileile. Kwa wengi wao Lugha ya Ishara ya Kenya ndiyo lugha ya kwanza, na Kiswahili huwafikia kwa herufi. Kina kwao ni marudio ya herufi zinazoonekana mwisho wa mishororo. Rekodi ya utenzi au ya taarabu inayowekwa mtandaoni bila maandishi yake huwafungia nje kabisa. Ikiwekwa pamoja na maandishi yaliyomwagwa kama aya, huwapa maneno na kuwanyima kina, maana vina vyao vimezama katikati ya mistari. Hati iliyolinda mishororo kwa ajili ya asiyeona imekwisha kuilinda kwa ajili ya kiziwi.

Sheria haikosekani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inaitaka Serikali iendeleze lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu, yote hayo katika ibara ileile inayotaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unafungua njia ya kutengeneza nakala za vitabu kwa ajili ya wasioweza kusoma maandishi ya kawaida bila kumwomba kila mwenye hakimiliki ruhusa. Kwa hiyo mchapishaji anayefunga hati yake isinakiliwe, na kwa kufuli hilohilo akaizuia programu ya kusomea skrini, anajikinga na wezi kwa kumfungia nje mnunuzi. Lakini sheria haiwezi kusema mshororo unakomea wapi. Hilo lasemwa na idara za lugha, na yapasa tasnifu ya uhariri wa utenzi itahiniwe pia kwa kusikilizwa: mtahini azime skrini, aiwashe sauti, na ahesabu beti.

Limebaki jambo la alama moja, ritifaa. Ng'ombe na ng'oa hupoteza alama yao kwa urahisi katika utambuzi wa herufi, au alama hubadilishwa ikawa ya kufungua usemi, na neno hukatwa vipande viwili katika matamshi. Hilo hurekebishwa kwa kulitafuta na kulisahihisha hati nzima. Zaidi ya hapo, matoleo ya zamani ya tungo za Mombasa yalitumia alama kama hiyo kuonyesha mpumuo, kwa kuwa katika Kimvita paa la nyumba na paa wa mwituni hayatamkwi sawa. Sauti za mashine hazina utaratibu wa tofauti hii, na baadhi ya wahariri huiondoa alama ili usomaji usikwame. Yafaa ibaki. Sauti itaipita kimya au itajikwaa kidogo, lakini msomaji anayesoma kwa kibao cha Breli ataikuta chini ya kidole chake mahali palepale alipoiweka mhariri wa kwanza.